Msimu Ambao Hatukuutazama

Mtu akifiwa, majirani humwendea na maswali: marehemu aliugua nini, alitibiwa wapi, aliacha neno gani. Timu ya mpira ikishuka daraja hakuna anayeuliza. Kila mmoja anakuja na jibu lake mfukoni. Ndivyo ilivyokuwa mjini Shinyanga mwishoni mwa Mei 2019, Stand United ilipoanguka kutoka Ligi Kuu baada ya kuichezea misimu mitano. Kinyozi wangu alisema tumeonewa na waamuzi. Fundi cherehani wa jirani alimlaumu kocha. Mzee mmoja tuliyezoea kunywa naye kahawa aliapa kwamba kuna kitu kilizikwa nyuma ya lango moja la Uwanja wa Kambarage, na kwamba yeye alisema mapema asisikilizwe. Mimi nilisema fedha. Nililisema neno hilo kwa sauti ya mtu anayejua mambo, na kwa muda mrefu sikuona sababu ya kulibadili.

Katika kurasa hizi nataka kulipima upya jibu langu. Sisemi kwamba fedha hazikuwa tatizo. Zilikuwa tatizo, na nitalieleza. Lakini jibu lililo rahisi kulitoa mara nyingi ni lile linalomwacha mtoaji akiwa safi. Nikisema fedha, basi lawama ni za matajiri, za wafadhili, za wakubwa wa mpira walioko Dar es Salaam. Mimi naosha mikono yangu na kwenda kulala. Msomaji asiyependa kandanda naomba anivumilie, maana habari hii inahusu pia namna tunavyovipenda vitu vyetu.

Kwanza tukumbuke timu yenyewe ilikuwa kitu gani. Klabu nyingi za nchi hii zina baba anayejulikana. Nyingine ni za majeshi, nyingine za viwanda vya sukari, nyingine za halmashauri, nyingine za tajiri mmoja mwenye mapenzi yake. Stand United ilizaliwa stendi ya mabasi. Waliokuwa nyuma yake ni wapiga debe, makondakta, madereva na wafanyabiashara wadogo wa pale, watu ambao mji huwatumia kila siku na kuwadharau kila siku. Jina lake lilitoka huko, na jina lake la utani, Chama la Wana, lilitoka huko pia. Mwaka 2014 timu hiyo ya wapiga debe ilipanda Ligi Kuu.

Anayeishi mbali hawezi kujua jambo hilo lilikuwa na uzito gani kwetu. Shinyanga ilikuwa ikitajwa magazetini kwa pamba iliyokosa bei, kwa ukame, na kwa aibu ya vikongwe kuuawa kwa sababu tu macho yao ni mekundu. Nilipokuwa nikisafiri na kutaja nitokako, watu walikuwa wananitazama kidogo kabla ya kuendelea na mazungumzo. Halafu ghafla jina la mji wetu likawa linasomwa redioni kila mwisho wa wiki katikati ya matokeo, kama miji mingine ya watu. Mtu wa Mtwara akajua kuna uwanja unaoitwa Kambarage.

Mdogo wangu alikuwa mpiga debe stendi pale. Namwita mdogo wangu kwa sababu tumenyonya ziwa moja, lakini kwa miaka mingi nilikuwa nikimtambulisha kwa watu kwa haraka haraka, nisije nikaulizwa anafanya kazi gani. Yeye na wenzake walikuwa wakichangishana vijisenti vya safari ya timu, vya sabuni ya kufulia jezi, vya chai ya wachezaji. Haba na haba hujaza kibaba. Nilipomwambia siku moja kwamba mpira hauendeshwi kwa vijisenti, alinijibu bila hasira, "Kaka, hata basi halijazwi na abiria mmoja."

Kisha fedha kubwa zilikuja. Mwaka 2015 kampuni ya Acacia, iliyokuwa na migodi ya dhahabu ya Bulyanhulu na Buzwagi upande wa Kahama na ule wa North Mara, ilikubali kuidhamini Stand United. Wengi tulishangilia. Tulisema, sasa dhahabu yetu inaturudia. Timu ikapata hata kocha Mfaransa, Patrick Liewig, aliyewahi kuifundisha Simba. Lakini haikupita muda mrefu klabu ikagawanyika pande mbili, upande mmoja ukidai timu ni ya wanachama na upande mwingine ukitaka iendeshwe kama kampuni. Mgogoro ukapanda hadi ngazi za juu za soka nchini, na mwaka 2016 mdhamini akajiondoa. Wahenga walisema mali bila daftari huisha bila habari. Yetu iliondoka hata kabla ya kuisha.

Hapo ndipo jibu langu la fedha lilipopata nguvu. Na msimu wa 2018/19 ulilipa nguvu zaidi, kwa maana ulikuwa msimu mgumu kwa kila klabu isiyo na tajiri. Timu zilikuwa 20, kila moja ikicheza michezo 38. Mkataba wa Vodacom ulikuwa umefikia kikomo, na ligi ikachezwa bila mdhamini mkuu. Tazama ramani ya msimu ule: Coastal Union iko Tanga, Ndanda iko Mtwara, Mbeya City na Tanzania Prisons ziko Mbeya, Lipuli iko Iringa, Kagera Sugar iko Bukoba, Biashara United iko Musoma, na kundi zima liko Dar es Salaam na mkoa wa Pwani. Kutoka Shinyanga hadi Dar es Salaam peke yake ni karibu kilomita 1,000 za barabara. Vijana walikuwa wanakaa ndani ya basi mchana kutwa, na pengine usiku pia, kisha wanatakiwa kukimbia dakika 90 dhidi ya watu waliolala vitandani mwao.

Haya yote ni kweli. Hata hivyo, timu 20 zilicheza ligi hiyo hiyo isiyo na mdhamini mkuu, nazo karibu zote zilipita katika barabara hizo hizo. Zilizoshuka moja kwa moja ni mbili, African Lyon na Stand United. Mwadui, jirani zetu wa mgodi wa almasi, na Kagera Sugar ziliingia kwenye michezo ya mchujo na zikapona zote mbili. Kama umaskini ndio uliotuua, kwa nini haukuwaua maskini wenzetu?

Tena Stand United ya msimu ule haikuwa timu mbovu. Mnamo Septemba 2018 ilikwenda Dar es Salaam kucheza na Yanga katika Uwanja wa Taifa, ikafungwa mabao 4-3, na mabao yote matatu ya Stand yalifungwa na mtu mmoja, Alex Kitenge, kutoka Burundi. Kufunga mabao matatu dhidi ya Yanga, kwenye uwanja ule, mbele ya watu wale, ni jambo ambalo wachezaji wengi wakubwa wamestaafu bila kulifanya. Na Januari 2019 Yanga walipokuja Kambarage, walikuja wakiwa hawajapoteza mchezo hata mmoja wa ligi msimu huo. Waliondoka wamefungwa 1-0. Yanga hiyo ilimaliza ligi ya pili kwa alama 86, nyuma ya Simba iliyotwaa ubingwa kwa alama 93. Basi timu iliyoweza kumfanyia Yanga hayo ilishukaje daraja?

Hapa ndipo inabidi nieleze nilikuwa wapi siku hizo mbili.

Mechi ya Septemba niliitazama katika kibanda umiza karibu na soko, tumebanana kwenye mabenchi, jasho linatiririka. Msomaji atadhani nilikuwa nashangilia kila Kitenge alipofunga. La hasha. Nilikuwa nashika kichwa. Mimi ni Yanga. Baba yangu alikuwa Yanga, naye alikipata chama hicho kutoka kwenye redio kabla ya kuwahi kuiona Dar es Salaam kwa macho yake. Filimbi ya mwisho ilipolia nilimshukuru Mungu kwa sauti kwamba timu ya mji wangu imefungwa. Sikuona ajabu yoyote katika jambo hilo, na waliokuwa pembeni yangu hawakuona pia, maana nao walikuwa ama Yanga kama mimi, ama Simba waliokuwa wanaishangilia Stand kwa sababu tu inamtesa Yanga.

Mechi ya Januari nilikwenda uwanjani. Nilifunga kazi mapema, nikalipa kiingilio bila kunung'unika, nikaketi na wenzangu wa njano na kijani. Upande wa pili niliwaona watu wa stendi, mdogo wangu akiwa miongoni mwao. Bao lilipoingia walirukaruka hadi nikadhani jukwaa litazama. Sisi tulinyamaza, katika uwanja wa kwetu, siku ya furaha kubwa kuliko zote za msimu ule. Jioni mdogo wangu alipita nyumbani. Nilitegemea anitanie, maana utani wa mpira ni halali kati ya ndugu. Hakucheka. Alikunywa maji, akasimama mlangoni, akasema, "Kaka, leo umefungwa na mji wako." Akaenda zake.

Neno hilo nililichukua kama utani uliokosa chumvi. Lilinirudia miezi minne baadaye timu iliposhuka, nami nikiwa barazani nawaeleza watu habari za fedha. Alikuwapo, akanisikiliza hadi mwisho, kisha akaniuliza swali dogo: msimu huu uliingia Kambarage mara ngapi? Nikahesabu. Mara mbili. Yanga walipokuja, na Simba walipokuja.

Timu inayocheza michezo 38 inacheza nyumbani mara 19. Nilikuwa nimeona miwili. Ilibaki 17, na michezo 17 ina alama 51. Ushindi dhidi ya Yanga una alama tatu. Ushindi dhidi ya Lipuli una alama tatu hizo hizo, wala hakuna nyongeza kwa ajili ya kelele. Mimi niliyekuwa natoa hukumu juu ya msimu mzima nilikuwa nimesoma kurasa mbili za kitabu, zile zenye picha. Msimu ulipotea katika zile kurasa nyingine, siku za katikati ya wiki, saa kumi jioni, jua kali, mgeni asiye na jina kubwa, sare isiyo na mabao. Hizo ndizo siku zinazoamua nani anabaki na nani anashuka, na ndizo ambazo mimi na wenye majibu wenzangu tulikuwa na shughuli nyingine.

Nimejaribu kuelewa tabia hii imetoka wapi, maana siamini kwamba watu wa Shinyanga ni wavivu wa kupenda. Nadhani sehemu ya jibu iko katika ngoma zetu. Usukumani, baada ya mavuno, vyama vya ngoma hushindana. Asili yake ni mashindano ya Wagika na Wagalu. Manju wa upande huu na manju wa upande ule hucheza kwa wakati mmoja, uwanja mmoja, na watazamaji wako huru kwenda watakako. Hakuna meza ya waamuzi wenye kalamu. Atakayevuta watu wengi upande wake ndiye mshindi. Ndiyo maana wachezaji wetu walikuja na kila mbinu ya kuvuta macho: nyoka, fisi, vichekesho, dawa za mvuto. Mtazamaji anayehama hadharauliwi. Kuhama ndiyo kura yake.

Ni mchezo mzuri, na ni wa haki kwa namna yake, kwa maana pande zote mbili ni za kwetu na zinaanza sawa. Lakini jicho hilo hilo tulilipeleka mpirani, na huko mambo si sawa. Yanga na Simba zina redio, zina magazeti, zina babu zetu. Zinapofika Kambarage zimeshavuta watu kabla hazijashuka kwenye basi. Tukawa tunahama kama tulivyozoea kuhama, tukidhani tunatazama mashindano, kumbe upande mmoja ulikuwa umeshinda tangu mwaka 1935, Yanga ilipoanzishwa. Na tulipokuwa tunahama, tuliowaacha ni watoto wetu wenyewe.

Najua kuna pingamizi, na ni la haki. Mashabiki hawafungi mabao. Kagera Sugar haikujulikana kwa kujaza uwanja, na bado ilikaa Ligi Kuu miaka mingi hadi iliposhuka mwaka 2025. Timu za majeshi nazo zina mashabiki wachache na zinaishi. Tena Yanga na Simba zinapendwa kila mkoa, si Shinyanga peke yake. Kwa hiyo, atasema mtu, kuja au kutokuja kwangu kungebadili nini? Kiingilio cha mtu mmoja hakinunui hata dizeli ya kutoka Shinyanga hadi Nzega.

Nimelifikiria sana jambo hilo. Jibu nililofikia ni kwamba faida ya mtazamaji wa kila siku iko zaidi katika macho yake kuliko katika kiingilio. Kagera Sugar ilikuwa na kiwanda nyuma yake, na kiwanda kinauliza: fedha zimekwenda wapi, kwa nini kijana huyu hachezi, kwa nini tumefungwa mara tatu mfululizo? Jeshi linauliza pia, na linauliza kwa namna ambayo ni hatari kutojibu. Stand United mwenyewe wake alikuwa mji. Mji usipokuwapo, hakuna wa kuuliza. Ule mgogoro wa mwaka 2016 uliwezekana kwa sababu hiyo. Pande mbili ziligombea timu kama watu wanaogombea shamba la mtu aliyesafiri. Sisi tuliokuwa tunajiita wenye timu tulikuwa tumesafiri. Tulikuwa tukirudi mara mbili kwa mwaka, kwenye sikukuu.

Ili nisionekane naisema Shinyanga peke yake, nitupe macho kwa majirani. Mwadui, ambayo mgodi wake ulianzia kwenye almasi alizozigundua John Williamson mwaka 1940, iliponea kwenye mchujo wa 2019, na timu iliyoshindana nayo kwenye mchujo huo ilikuwa Geita Gold. Almasi na dhahabu zikakutana, almasi ikabaki juu. Miaka miwili baadaye, 2021, Mwadui nayo ikashuka. Mwaka huo huo Geita Gold ikapanda.

Geita walikuwa na kila kitu tulichokuwa tunalilia. Timu ilikuwa ya halmashauri ya mji, na mgodi mkubwa wa dhahabu wa Geita ulikuwa mdhamini. Msimu wake wa kwanza, 2021/22, ilimaliza nafasi ya nne, na mshambuliaji wake George Mpole akawa mfungaji bora wa ligi nzima kwa mabao 17, bao moja zaidi ya Fiston Mayele wa Yanga. Mwaka 2022 ilicheza Kombe la Shirikisho la Afrika, ikatolewa mapema na Hilal Alsahil ya Sudan. Kisha Mpole akaondoka kwenda FC Lupopo ya Lubumbashi, na Mei 2024 Geita Gold ikashuka daraja. Misimu mitatu tu. Kama fedha zingekuwa ndilo jibu, Geita isingeshuka. Hapo nilijua jibu langu la barazani limekufa, nami sikuwa na budi kulizika.

Sitaki kudai kwamba ninazijua sababu za Geita. Sikuwa huko, na nimekwisha sema mtu asiyetazama anapaswa kuwa na kiasi katika kuhukumu. Ninachokiona ni mfanano mmoja. Katika muda wa miaka sita, kuanzia 2019 hadi 2024, timu tatu kutoka nchi ya dhahabu na almasi zilipanda jina, zikameremeta na kushuka. Ukanda huu una mazoea ya kumeremeta. Tunajua kushangilia siku jiwe linapoonekana. Hatujajifunza kushangilia siku za kifusi.

Nasema hatujajifunza, lakini hilo si kweli kwa wote. Nenda kwenye machimbo ya wachimbaji wadogo, uwatazame wanaoshuka duarani. Wapo wanaochimba miezi bila mshahara, wanakula kwa mwenye duara, wanatoa kifusi ndoo kwa ndoo, wakingojea mwamba wenye mali ndipo wagawane mawe. Hakuna anayekuja kuwatazama wakati huo. Hakuna anayepiga vigelegele kwa ajili ya ndoo ya kifusi. Lakini bila ndoo hizo hakuna siku ya kugawana mawe. Wapiga debe wa stendi waliielewa timu yao kwa namna hiyo. Walikuwapo siku za kifusi. Sisi wengine tulikuja tuliposikia mwamba umeonekana, tukakaa upande wa mgeni.

Baada ya 2019 Stand United haikufa. Iliendelea huko chini, ambako matokeo hayasomwi redioni. Mdogo wangu aliendelea kwenda. Sikumfuata mara moja. Mtu hakubali kosa lake kwa siku moja. Nilianza kwa kwenda naye mara moja kwa udadisi, mechi na timu ambayo hata jina lake nilikuwa nalisikia kwa mara ya kwanza. Tulikuwa watu wachache kiasi kwamba tulisikia wachezaji wakiitana kwa majina. Kijana mmoja wa pembeni alipoteza mpira ule ule mara tatu, na mzee mmoja nyuma yetu akamwambia kwa sauti ya kawaida tu, kama anavyosema na mwanawe mezani, "Inua kichwa, mjukuu." Mara ya nne aliinua kichwa. Pasi ilifika. Bao halikupatikana, lakini pasi ilifika, nami niliiona ikifika.

Siku ile nilielewa kwamba katika misimu mitano ya Ligi Kuu sikuwahi kumwona mchezaji hata mmoja wa Stand United akijifunza kitu. Nilikuwa nimewaona wakishinda au wakishindwa. Kujifunza kunaonekana tu kwa mtu anayerudi wiki inayofuata.

Mwaka 2025 timu ilifika tena karibu na mlango. Ilicheza mchujo wa kuwania kurudi Ligi Kuu dhidi ya Fountain Gate, ikashindwa. Mjini majibu yalitoka mifukoni upya: waamuzi, kocha, fedha, kile kilichozikwa nyuma ya lango. Safari hii nilikaa kimya barazani. Watu walidhani nimeumia sana, na kweli niliumia, lakini nilikuwa nafikiria beki mmoja aliyeanza msimu akiogopa mpira wa juu na kumaliza akiutafuta. Hakuna gazeti lililoandika juu yake. Nilimsimulia mdogo wangu tukiwa njiani kurudi, naye akasema alikwisha kumwona tangu mzunguko wa kwanza.

Bado mimi ni Yanga. Sitamdanganya msomaji, chama cha baba hakivuliwi kama koti. Lakini nimejiwekea sharti moja. Siku yoyote nitakapotaka kuihukumu timu ya mji wangu, nitajiuliza kwanza swali la mdogo wangu: msimu huu uliingia mara ngapi? Na ikiwa jibu ni mara mbili, nitanyamaza, ninywe kahawa yangu, niwaachie waliokuwapo waseme.